Ng'ombe Mia Nne wa Luteni Murtagh

Luteni Murtagh O'Cullin alikuwa na sikio moja na nusu, farasi wa kuazima, na miaka ishirini na sita katika jeshi la Mfalme wa Hispania. Nusu ya sikio aliiacha Sisilia. Farasi wake mwenyewe tulimla hapa Oran, ngome ya Wahispania ng'ambo ya bahari, wakati wa mzingiro, na yeye alimlilia kwa heshima zote, kisha akaomba aongezewe mchuzi. Kitu pekee ambacho hakikuwahi kumtoka ni ule uluteni. Ulimng'ang'ania kama kupe.

Si kwamba hakustahili zaidi. Kapteni wetu alipokufa kwa homa, Murtagh ndiye aliyetushikilia kwenye ngome ya juu siku kumi na saba, maji tukigawana kwa kizibo cha chupa. Tulipanda watu sitini na wawili. Tulishuka sitini na wawili, wengine kwa mgongo wa wenzao, lakini tulishuka. Gavana akamwandikia barua nzuri ya kumwombea ukapteni.

Ila kwa Wahispania, barua nzuri bila babu mzuri ni karatasi ya kufungia tini. Kapteni lazima awe na damu ya kiungwana, na damu hiyo ithibitishwe kwa hati zenye mihuri: baba, babu, baba wa babu, na kuendelea mpaka pumzi ikukatike. Hati za akina O'Cullin ziliungua pamoja na nyumba yao mwaka aliozaliwa Murtagh, Waingereza walipolitwaa bonde letu kule Ayalandi. Yeye alitoroka huko akiwa na miaka kumi na sita, amefichwa chini ya ngozi mbichi kwenye meli ya biashara, na mpaka leo akinusa ngozi mbichi hupiga chafya tatu.

Akishindwa kuthibitisha, kombania yetu ingepewa mpwa wa mtu fulani wa Madrid, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinabisha hodi. Kijana huyo alishasema wazi kwamba hataki watu wanaoongea kama wanaosukutua koo. Angetutawanya, wawili huku, watatu kule, mpaka Napoli. Na sisi tulitoka bonde moja. Tunajuana hadi majina ya mbwa wa babu zetu. Nchi tulishanyang'anywa, iliyobaki ilikuwa ile kombania.

Mimi ni Fiach, koplo na mkalimani. Mapadri wetu walinisomesha miaka minne wakitaraji nitakuwa padri. Walipoona nacheka kwenye maziko, wakanishauri niende jeshini, ambako maziko ni mengi zaidi.

Mkaguzi wa damu alifika mwezi wa tatu. Jina lake Don Anselmo, na alishuka melini akiwa wa njano kama limau. Nyuma yake akashuka karani wake, mzee mwembamba asiyeacha kupenga kamasi. Na nyuma ya karani akashuka ng'ombe.

Ndiyo, ng'ombe. Don Anselmo alikuwa na vidonda vya tumbo, na tabibu wake alimruhusu maziwa tu, yaliyokamuliwa papo hapo. Kwa hiyo alisafiri na ng'ombe wake kama wengine wanavyosafiri na mke: mwekundu, uso mweupe, kiwele kama ngoma. Sisi tulioishi miaka yote hiyo kwa mbuzi na mafuta ya zeituni, kombania nzima ilijipanga gatini kumtazama. Sajini Lorcan, mtu aliyewahi kung'olewa jino bila kuguna, alivua kofia.

"Mnatazama nini?" mlinzi wa Kihispania akatuuliza.

"Nyumbani," Lorcan akamjibu.

Bibi Gobnait, mfuaji nguo wa kombania, ndiye aliyesogea. Ana miaka sabini na kitu, na hicho kitu hakisemi. Alimshika ng'ombe shingoni, akamnong'oneza Kiayalandi sikioni, na ng'ombe akalia mwooo.

"Mnaona?" akasema. "Huyu anakisikia Kiayalandi kuliko ninyi mliozaliwa kambini."

Huyo Bibi Gobnait ndiye aliyekuwa tumaini letu. Baba yake alikuwa mtunza nasaba wa akina O'Cullin, kama babu yake na babu wa babu yake. Kazi hiyo haikuwa ya wanawake, lakini nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja, na masikio hayana jinsia. Alipokuwa anakoroga maziwa apate siagi, baba yake alikuwa anawafundisha kaka zake. Kaka zake wote walikufa vitani. Nasaba ikabaki kwa mkoroga siagi.

Sheria iliruhusu, pale hati zilipoungua, kusikiliza mashahidi wa mdomo, mara mbili, siku mbili tofauti. Maneno yakipishana, basi. Tukaingia siku ya kwanza kwenye ukumbi wa gavana, Don Anselmo na kikombe chake cha maziwa mezani, karani na kalamu yake, Murtagh amesimama wima na koti lililopigwa pasi mpaka likaanza kung'aa kwenye viwiko.

"Mwaka huu," Don Anselmo akaanza, bila kuinua macho, "nimewahoji maofisa kumi na wanne wa Kiayalandi. Wote kumi na wanne ni wajukuu wa wafalme. Kwa nchi ndogo kama ile, nashangaa kama kulibaki mtu wa kulima."

Nikacheka. Murtagh akanikanyaga.

Niliapishwa juu ya msalaba kwamba nitafasiri kwa uaminifu. Kisha Bibi Gobnait akakaa, akafumba macho, akaanza.

Hapa nikiri kosa letu. Kule kwetu, ukitaja ukoo wa mtu mkubwa, hutaji jina peke yake. Utataja na ng'ombe wake. Mtemi mpya hakuwa mtemi mpaka avuke mpaka, aswage ng'ombe wa jirani, na awalete nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa shahada yake. Tumelisikia hilo tangu utotoni, mara nyingi kiasi kwamba hakuna hata mmoja kati yetu sitini na wawili aliyefikiria litasikikaje kwa mkaguzi wa Kihispania. Mimi mwenyewe, msomi, nilikuja kulifikiria likiwa tayari limo mdomoni mwangu.

"Murtagh ni mwana wa Art," akasema bibi. "Art mwana wa Conn. Conn alivuka mto mwaka wa theluji nyingi, akaswaga ng'ombe mia nne wa watu wa ng'ambo, na watu wote wakarudi nyumbani."

Nikafungua mdomo kufasiri. Nikaufunga. Nikaufungua tena.

"Conn," nikasema kwa Kihispania, "alipata ng'ombe mia nne."

"Alipata?" Don Anselmo akauliza. "Kutoka kwa nani?"

"Kwa... majirani."

"Kama zawadi?"

"Ni majirani wakarimu sana, mheshimiwa."

"Kwa nini wampe mtu ng'ombe mia nne?"

"Walimpenda," nikasema, na jasho likaanza kunitembea mgongoni. Karani akaandika: walimpenda.

Hapo ndipo Murtagh aliposema, taratibu, kwa Kiayalandi, "Fiach. Sema alichosema bibi."

"Mkubwa, tafadhali. Hii inaelekea pabaya."

"Sema alichosema."

"Mkubwa, nikisema, wewe ni mjukuu wa mwizi!"

"Mimi ni mjukuu wa Conn. Sema."

Nikasema. Kalamu ya karani ilisimama. Bibi Gobnait alikuwa amefumba macho, hajui lolote, akaendelea kuteremka na ukoo kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Conn mwana wa Aodh: ng'ombe sitini na dume jeusi, na watu wote wakarudi nyumbani. Aodh mwana wa Tadhg. Tadhg: ng'ombe tisini, watu watatu hawakurudi, akawapa wajane wao wote tisini, akanywa maji mwaka mzima. Tadhg mwana wa Donncha. Vizazi saba, wezi saba. Nilifasiri kila ng'ombe. Mwishoni sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Don Anselmo alikunywa maziwa, akajifuta mdomo.

"Luteni, nimekuja kuthibitisha uungwana. Nimeletewa genge." Akafunga daftari. "Sheria inataka asikilizwe mara ya pili. Kesho, saa nne. Neno moja likipishana, naandika nasaba ya kubuni, na nitapanda meli bila majuto yoyote."

Mchana ule nilimfuata Bibi Gobnait kwenye mabirika ya kufulia, chini ya ukuta. Alikuwa anatwanga shati la Lorcan kwa gogo kana kwamba Lorcan yumo ndani.

"Bibi yangu, shikamoo."

"Unataka nini?"

"Salamu tu jamani!"

"Wewe hujawahi kuniamkia bure. Mara ya mwisho ulitaka soksi."

"Kesho," nikasema, "taja majina tu. Art, Conn, Aodh, Tadhg. Waache ng'ombe wapumzike. Wametembea sana, maskini."

Akaliweka gogo chini. "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie: ukivuta uzi wa shuka, shuka linabaki?"

"Mkaguzi yule anatuona wezi."

"Na atuone. Nikimtoa ng'ombe, simwoni Conn. Namwona Conn kwa sababu namwona nyuma ya wale ng'ombe, ana theluji kwenye ndevu. Nikiwafukuza, na yeye anaondoka nao. Nitabaki nikimeza mate mbele ya yule mtu wa limau." Akalishika tena lile shati. "Halafu nitaulizwa huko mbele na baba yangu. Wewe utanisaidia kumjibu?"

Nikamtafuta Murtagh. Alikuwa kwenye lango la nje, mahali wachuuzi wa mji wanapouza shayiri, ananunua kikapu cha tini kwa ajili ya wagonjwa.

"Mkubwa, mwamuru. Wewe ndiye mkubwa wake."

"Nani, Gobnait? Alinifulia nepi, Fiach. Mtu aliyekufulia nepi humwamuru."

"Basi tutatawanywa! Lorcan atapelekwa Napoli. Unamjua Lorcan, atajifia kwa kukosa mtu wa kugombana naye."

Hakucheka. Aliokota tini iliyodondoka, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti.

"Nimefikiria usiku na mchana jinsi ya kukuacheni muwe pamoja," akasema. "Ningeweza kununua babu. Kuna mtu Cadiz anawauza, wenye mihuri na nembo ya simba wawili. Lakini siku ile ngome ya juu, ulijua nilichokuwa nafikiria? Nilikuwa namfikiria Tadhg. Watu watatu hawakurudi. Kila asubuhi niliwahesabu ninyi nikisema, mimi sitakuwa Tadhg. Sasa nikimtupa Tadhg ili niwe kapteni, kesho kwenye ngome nyingine nitamfikiria nani? Simba wawili wa Cadiz?"

Nikampokea kikapu. Tukala tini.

Siku ya pili, saa nne, ukumbi ulijaa. Kombania nzima ilisimama uani, chini ya madirisha, imenyamaza hivi kwamba ng'ombe wa Don Anselmo alisikika akicheua kule nyuma ya ghala. Bibi Gobnait akafumba macho. Karani akalitandaza daftari la jana, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Murtagh ni mwana wa Art. Art mwana wa Conn. Conn alivuka mto mwaka wa theluji nyingi..."

Nikafasiri. Kidole cha karani kikatembea. Mia nne. Kikatembea. Sitini na dume jeusi. Kikatembea. Tisini, watu watatu, wajane, maji mwaka mzima. Kufikia kizazi cha tano karani alisahau kupenga kamasi. Kizazi cha saba, kidole kilifika mwisho wa ukurasa, akainua uso.

"Neno kwa neno, mheshimiwa," akasema. "Hata lile dume."

Don Anselmo alikuwa anaizungusha pete yake, pete kubwa ya muhuri, kama afanyavyo mtu aliyekosa uamuzi. Bibi Gobnait akafumbua macho, akaiona ile pete. Akainama mezani bila kuomba ruhusa, akaitazama kwa karibu. Kisha akasema jambo.

Sikulifasiri.

"Amesema nini?" Don Anselmo akauliza.

"Anasifu pete, mheshimiwa."

"Fiach," Murtagh akasema.

"Hii hapana, mkubwa! Hii nakuomba!"

"Uliapa."

Basi nikavuta pumzi, nikamwomba Mungu anipokee, nikasema: "Mheshimiwa, bibi anasema pete yako imechorwa ng'ombe wawili. Anauliza: babu yako aliwanunua sokoni?"

Nzi alipita, nikamsikia mpaka alikotua. Gavana akautazama ukuta. Karani, ambaye bila shaka aliijua historia ya pete ile, ghafla alihitaji leso yake kwa haraka sana.

Don Anselmo aliitazama pete.

"Hapana," akasema hatimaye. "Mababu zangu ni watu wa milimani. Upande wa pili wa mlima kulikuwa na watu wengine, wenye ng'ombe wazuri." Akakohoa. "Wakati wa ukungu."

"Wangapi?" Bibi Gobnait akauliza, nami nikafasiri haraka kabla sijaogopa.

"Kwenye pete ni wawili. Baba yangu alisema walikuwa mia na ishirini, ila pete ni ndogo."

"Na watu walirudi?"

Don Anselmo akafikiri. "Sijui. Hakuna aliyeniambia." Na kwa mara ya kwanza nilimwona si mkaguzi. Nilimwona mzee mwenye tumbo bovu, aliyepitia damu za watu wote na ya kwake ikamponyoka.

Akamgeukia karani. "Nisomee tena barua ya gavana. Pale penye ngome."

Karani akasoma: "Waliopanda, sitini na wawili. Walioshuka, sitini na wawili."

"Na watu wote wakarudi nyumbani," Don Anselmo akasema, akirudia maneno ya bibi. Alichukua kalamu mwenyewe. "Luteni, nimefanya kazi hii miaka thelathini. Mtu anayebuni ukoo hubuni wafalme. Hujibandikia simba, na mashujaa wasiokosea. Sijawahi kumwona anayebuni wezi wa ng'ombe, akawaongezea na babu aliyepoteza watu watatu, kisha akamkataza mkalimani wake kuficha. Damu ya kubuni haina haya. Yako inayo." Akaandika, akaning'iniza pete juu ya nta, akagonga. "Familia inayojulikana kwa uongozi wa watu vitani kwa vizazi saba. Pamoja na mifugo."

Sikumbuki nani alipiga kelele kwanza pale uani. Nakumbuka Lorcan alinibusu, na kwamba alikuwa amekula vitunguu.

"Kapteni Murtagh!" tukaimba. "Kapteni O'Cullin!"

"Kapteni wa wapi?" Bibi Gobnait akatukatiza, mikono kiunoni. "Huyo kwenye karatasi sawa. Kwangu bado. Ameswaga nini? Mimi nitasema nini baada ya jina lake? Murtagh mwana wa Art, akapigwa muhuri?"

Tukaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Don Anselmo alikuwa anashuka ngazi, akaniuliza bibi anagomba nini. Nikamweleza. Akasimama pale akijikuna kidevu.

"Meli yangu inaondoka kesho," akasema, akiangalia mawingu. "Leo nitalala kidogo mchana, kama kawaida. Ng'ombe wangu yuko zizini nyuma ya ghala. Mlinzi wake naye husinzia, kuanzia saa nane. Ni mlinzi mbaya sana. Ng'ombe hatakiwi kukamuliwa kabla ya saa kumi na moja, maana hapo nitamhitaji." Akaondoka bila kututazama.

Saa nane mchana, mji mzima wa Oran ukiwa umefunga madirisha kwa ajili ya jua, Kapteni Murtagh O'Cullin aliongoza uvamizi wake wa kwanza. Watu sitini na wawili, viatu mkononi, tukivuka uwanja kwa vidole kumwiba ng'ombe mmoja. Mlinzi alikoroma kwa bidii hata nikaona aibu kwa niaba yake. Murtagh alifungua zizi, akamshika ng'ombe kamba, na palepale, kwa sababu kwenye paa la zizi kulikuwa na ngozi mbichi imeanikwa, akapiga chafya tatu. Mlinzi akafumbua jicho moja. Akalifumba.

Tulimswaga mpaka kambini, tukamvika shada la maua ya mlozi. Bibi Gobnait alikuwa anatusubiri kwenye kibao chake cha kufulia. Hakusema hongera. Alianza kuhesabu: si ng'ombe, sisi. Alituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, midomo ikicheza, akamrudia Lorcan mara mbili kwa sababu hatulii. Alipomaliza akafumba macho.

"Murtagh mwana wa Art," akasema, "alivuka uwanja mwaka wa jua kali, akaswaga ng'ombe mmoja wa mkaguzi wa mfalme."

Tukamsubiri, wanaume wazima, kama watoto wanaosubiri mkate.

"Na watu wote," akasema, "wakarudi nyumbani."

Kisha akatafuta ndoo, akakaa, akamkamua kidogo, kikombe kimoja tu, akampa kapteni anywe wa mwisho baada ya sisi sote kulamba. Saa kumi na moja kasoro tulimrudisha zizini na maua yake. Don Anselmo alilalamika kwa gavana, kwa sauti kubwa, kwamba maziwa ya leo yamepungua. Na watu waliokuwepo wanasema hawajawahi kumwona ana rangi nzuri namna ile.